Minza, fundi aliyenionyesha kwamba browser zangu tatu ni moja

Mpaka saa hizi nashika simu nimwandikie, halafu ndiyo nakumbuka. Minza wetu, fundi simu wa nyuma ya soko hapa Bariadi, ametutoka Jumatano. Homa ya siku nne tu. Jana tumemzika kwao Lalago.

Nimelia sana, nisiwadanganye. Ila leo nina jambo la kuwaambia kuhusu yeye, tena la furaha, kwa hiyo mnivumilie nikiandika ovyo. Shija wangu yuko mgongoni anavuta nywele.

Wasiomjua, ni yule dada wa kibanda cha bluu. Mwanaume akifika akauliza fundi yuko wapi, alikuwa anajibu bila kuinua kichwa, "Unaongea naye, baba. Kaa."

Mimi nilimjua kwa sababu ya fomu. Chuo kimoja cha ushonaji kilitangaza nafasi, maombi ni mtandaoni tu, mwisho Ijumaa. Shule niliishia kidato cha pili, nikapata mimba ya Shija. Nilijiambia hii ikinipita, basi ni maandazi mpaka nizeeke.

Na simu nilikuwa nayo, tena ya kishua. Dada yangu wa Mwanza aliachiwa simu hiyo na bosi wake, akanipa mimi. Ni zile ambazo kampuni imefunga kila kitu, huweki chochote mpaka yenyewe iruhusu. Nilikuwa natembea nayo mkononi ili watu waione.

Nikajaza fomu vizuri. Kufika kwenye kutuma picha, kitufe kimya. Nikadhani ni bando, nikaongeza. Nikadhani ni mtandao, nikabadili laini. Nikashusha browser nyingine, ikakwama palepale. Nikashusha ya tatu, palepale. Nikamgombeza hata Shija kwa vidole vyake vya uji, maskini.

Alhamisi asubuhi nikaenda kwa Minza. Mwangaluka, mwangaluka, tukasalimiana, nikamweleza nimejaribu browser tatu zote zimegoma. Alicheka mpaka akaweka bisibisi chini.

"Mama Shija, hujajaribu tatu. Umejaribu moja mara tatu."

Akanieleza kwamba kwenye simu ile, mwenye kampuni amewaambia wote wanaotengeneza browser: wekeni jina lenu na rangi yenu, lakini injini ya ndani, ile inayofungua kurasa, iwe yangu. Na simu yangu ilikuwa ya zamani, update haipati tena, kwa hiyo ile injini ikishindwa, zote zimeshindwa.

Sikuelewa. Akaona macho yangu. Akasema baba yake alishangilia sana walipoambiwa soko la pamba limefunguliwa, mnunuzi yeyote aje. Wakaja watatu pale kijijini kwao. Mzee akapeleka kwa wa kwanza, kilo zimepungua. Akahamia kwa wa pili, kwa wa tatu, zinapungua vilevile. Kumbe wote watatu wamekodi mzani mmoja, na mzani ni wa mwenye ghala.

Hapo nikaelewa, jamani. Mimi mtoto wa Kalemela, kwa wakulima wa pamba, mzani naujua.

Akatoa simu yake, ya bei ya chini, kioo kimepasuka, lakini inakubali browser yenye injini yoyote. Wateja wanne wamekaa wanangoja. Akawaambia wavumilie, kuna mtu ana deadline. Nikamwomba anijazie, akakataa, akanisukumia simu. Alisema siku ya kwanza darasani nisije nikaanza kumtafuta yeye.

Browser ya kwanza ikakwama. Ya pili, yenye injini tofauti, ikapita. Picha ikaenda, na Shija kajipenyeza pembeni na jicho moja.

Mimi nimeshaanza kuruka pale, yeye anapiga simu chuoni. Akampata kaka anayeshughulika na website, akamweleza kwamba wenye simu kama yangu hawawezi kutuma. Yule kaka akasema waambie tu watumie browser nyingine.

"Kaka yangu, simu hiyo haina nyingine. Ina majina mengine tu."

Wakabishana kidogo, mwisho yule kaka akacheka, akakubali wenye shida walete fomu ya karatasi mpaka Ijumaa jioni. Nawajua mabinti wawili wa Nassa walioomba kwa karatasi ile. Hawajui hata jina la Minza. Mabinti, kama mnasoma hapa, ni huyu.

Habari hizi alizifuatilia kama wengine wanavyofuatilia mpira. Siku aliposoma kwamba Ulaya sheria imewabana wale wakubwa wa simu wafungue, mtu achague browser yake na injini yake, alizunguka vibanda vyote akitangaza. Mwenye kibanda cha mitumba akamuuliza Ulaya inatuhusu nini sisi wa Bariadi. Akamwambia asome lebo za hayo makoti anayouza.

Sasa jambo lenyewe. Leo asubuhi majina ya waliochaguliwa chuoni yametoka.

Nimesoma mara tatu. Halafu kidole kikampigia Minza chenyewe, kwa mazoea, hata sikufikiri. Ikaita. Ikapokelewa. Ni mama yake, yuko matangani.

Akauliza ni nani. Nikasema ni Mama Shija wa fomu, nisamehe mayu, mama yangu.

Akasema hospitali Minza alimuuliza mara mbili kama majina yametoka, na yeye hakujua ni majina gani.

"Yametoka, mayu. Nimo."

"Ngoja niweke sauti kubwa. Haya, sema tena mwanangu, wasikie."

Nikasema jina langu, majina yote matatu, kwa sauti. Na kutoka Lalago, kwenye msiba, nikasikia wanawake wanapiga vigelegele.

Wabeja sana, Minza, asante. Lala vizuri, dada yangu. Jumatatu naanza.