Fisi Asiyesikia Panga

Niliondoka Timboroa asubuhi moja bila mpango wowote. Mwaka ulikuwa umepita tangu vurugu za uchaguzi, na kwa miezi mitatu nilikuwa nimelala kwenye stoo ya viazi niliyopewa niilinde. Asubuhi hiyo gunia la mwisho lilipakiwa, lori likawashwa, dereva akaniuliza kama ninakwenda. Nikapanda. Sikumuuliza wapi. Upande wa Ainabkoi tulipita nyumba zisizo na paa, nyingine mahindi yameota mpaka sebuleni. Saa sita hivi akanishusha Kimumu, nje kidogo ya mji wa Eldoret. Ilikuwa Jumapili.

Niliingia duka la kwanza nililoliona wazi. Mwenyewe alikuwa Msomali wa makamo, ndevu zimetiwa hina. Nikamuuliza kama anajua chumba cha kukodi.

"Kipo kimoja, hapo nyuma kwa ploti yangu," akasema. "Fundi wa mbao anahama leo, anarudi kwao Murang'a. Ngoja amalize, utaingia."

"Amalize nini?"

"Fisi," akasema, akafunga mlango wa duka na kuniita nimfuate.

Kwenye chumba cha nyuma, katikati ya magunia ya sukari, palikuwa na meza na watu wawili. Mmoja ndiye huyo fundi, mtu mwembamba, begi lake limefungwa kamba na kuwekwa karibu na mguu. Wa pili alikuwa mwanamume wa Ainabkoi, mkubwa wa mwili, anayeleta maziwa mjini kwa pikipiki. Mezani palikuwa na kitabu kinene cha Kiingereza, karatasi mbili, na dadu ambazo sikuwahi kuziona maishani, nyingine zina pande ishirini.

Mwenye duka alikiokota kitabu hicho kwenye rundo la vitabu vya mitumba, akakisoma miaka miwili, kurasa chache kati ya mteja na mteja. Mimi niliachia shule darasa la sita, na kitu nisichokijua hakinipi usingizi, kwa hivyo nilimwuliza kila kitu naye akanijibu bila kuchoka. Kila mchezaji ana mtu wake aliyeandikwa kwenye karatasi: nguvu zake, silaha zake, uhai wake. Mwenye duka anasimulia safari yao, wao wanasema watu wao wanafanya nini, na dadu ndiyo inayoamua kama wamefaulu. Zamani mezani walikaa sita. Jumapili ya mwisho kabla ya uchaguzi waliacha pigano katikati, na tangu hapo fundi na wa maziwa hawakuonana. Siku hiyo niliyofika, fundi alikuwa amekuja kuchukua karatasi yake tu aondoke nayo, mwenye duka akakataa kumpa.

"Huwezi kuhama na mtu wako yuko mdomoni mwa fisi," alimwambia. "Maliza kwanza."

Nikaketi juu ya gunia. Nilitaka amalize haraka, nipate chumba.

Wa maziwa akarusha dadu. Upanga wa mtu wake ukampata fisi ubavuni.

"Saba," akasema. "Nusu yake tatu na nusu."

"Tatu," akasema mwenye duka.

"Hajji, hiyo nusu ingine imeenda wapi?"

"Imekwama kwa manyoya. Kitabu kinasema unashusha."

"Ukinipimia sukari huwa unashusha?"

"Sukari napandisha kidogo, mteja afurahi."

"Basi mimi ndio mteja."

"Leo mteja ni fisi."

Hata fundi alicheka kidogo, akiwa ameangalia chini.

Nikauliza kwa nini wanakata nusu. Mwenye duka akaweka kalamu chini. Kila silaha, akaniambia, ina namna yake ya kuumiza: kuna kukata, kuna kuchoma, kuna kuponda. Na kila kiumbe kina mwili wake. Mifupa inayotembea haijali sana mshale, unapita kati ya mbavu, lakini rungu huivunja vibaya. Kuna viumbe ambavyo silaha za kawaida hazivigusi kabisa. Huyu fisi, ambaye mchana ni mtu kama mimi na wewe, yuko katikati. Chuma chochote cha kawaida kinampata, jeraha linahesabiwa lote, halafu linakatwa nusu. Hata akiwa na sababu mbili za kustahimili, unakata mara moja tu. Ila silaha iliyopakwa madini ya fedha, au iliyobarikiwa, hiyo inamuumiza kamili.

Niliisikia sheria hiyo nikatulia kabisa. Mtu aliyeitunga alikuwa amefikiri sana. Angeweza kusema upanga haufanyi kazi, watu wakakata tamaa wakaenda nyumbani. Badala yake anakuacha upige, na anakuacha ufaulu. Unaona kabisa damu inatoka. Unaendelea kupiga huku hesabu inakukataa polepole, mpaka wewe mwenyewe unagundua kwamba utaisha kabla yake. Hapo ndipo unalazimika kuinua kichwa na kuangalia nani mwingine yuko mezani na ana nini mkononi. Nilikuwa nimeishi mwaka mzima kati ya watu waliojua panga linafanya nini mwilini, na sikuwahi kufikiria mahali ambapo panga linaachwa lishindwe.

Silaha moja tu ingeweza kumuumiza fisi kamili: mkuki wa fundi, wenye ncha ya fedha. Lakini mtu wake alikuwa amebanwa mguu kwenye meno. Mwenye duka akamweleza hali ilivyo. Mkuki ni mrefu, hawezi kuugeuza akiwa amelala. Anaweza kuchomoa kisu apige, na kisu ni nusu. Au anaweza kumrushia mwenzake mkuki.

"Nirushie," akasema wa maziwa.

Fundi alisugua kidole gumba kwenye ukingo wa meza.

"Wewe uko wapi?" akamwuliza baadaye.

"Mlangoni mwa pango."

"Karibu na njia ya kutoka."

"Ndiyo."

"Kabla ya pango hili, pale kwa daraja, ulitukimbia."

"Nilikimbia," akasema wa maziwa. "Niliogopa, fundi. Leo sikimbii."

Mwenye duka alijifanya anasoma ukurasa. Hapo nikajikuta namwombea fundi arushe, ingawa sikujua ni kwa sababu gani, maana mimi haja yangu ilikuwa chumba.

"Nimerusha," akasema fundi. "Shika."

Wa maziwa alitikisa dadu kwenye viganja muda mrefu, kama mtu anayeota moto. Mkuki ukaingia begani mwa fisi. Nane.

"Nane," akasema mwenye duka, na hakukata chochote. "Anaachia mguu. Anakimbilia ndani ya pango. Yuko hai bado." Akafunga kitabu. "Alasiri imefika. Naenda kuswali."

"Hajafa?" akauliza fundi.

"Hajafa."

Kulingana na desturi yao, kitu kikihama mkono lazima kihame karatasi. Fundi akafuta mkuki kwenye yake, wa maziwa akauandika kwenye yake, kwa herufi kubwa na polepole.

"Utanirudishia lini?" akauliza fundi.

"Ukiwa hapa. Jumapili."

Fundi alikaa akiitazama karatasi, mahali pale palipofutwa. Halafu akamrudishia mwenye duka aitunze.

"Jumapili basi," akasema, akainua begi. Kisha akanigeukia. "Wewe ndiye ulikuwa unangoja chumba changu?"

Nikasema ndimi.

"Sihami. Lakini kama hauna makuu, njoo."

Kitanda chumbani kilikuwa kimoja. Fundi akaburuta mlango mpya wa mteja, akaulaza juu ya vigoda viwili na kutandika blanketi.

"Usigeuke sana," akaniambia. "Bado haujapigwa vanishi."