Jiwe Lisilotoka

Kaeni vizuri. Habari hii mwenyewe anayehusika hajaielewa mpaka leo, na mimi nitawapa kama alivyonipa.

Mama Clarisse anauza unga wa muhogo hapa Rwambuzi, Bunia, kando ya njia, kwenye meza yenye mguu mmoja uliofungwa kwa waya. Jina lake la ubatizo ni Gertrude, ila tangu azae Clarisse hakuna anayelitumia isipokuwa padri. Siku ile ya kukimbia vita kutoka upande wa Djugu alibeba beseni, Biblia na simu ndogo ya vibonyezo. Beseni na Biblia havijamletea shida yoyote.

Batri ya simu yeye huiita jiwe. Ni jina la majiwe ya redio, lile la wazee, likahamia kwenye simu bila kuuliza mtu. Jiwe la redio likichoka unalianika juu ya bati, linapata nguvu ya kumaliza habari za saa moja. Basi na la simu alilianika pia, na anaapa kwamba lilisikia jua.

Alikuwa na majiwe mawili. Moja ndani ya simu, lingine kwa Emery, baba wa watoto watatu mwenye kibanda cha kutia moto, yaani chaji, kwenye simu za watu. Juu ya kila jiwe Emery alibandika karatasi yenye namba. La Mama Clarisse lilikuwa 17. Unaliacha jiwe, unakwenda na simu yako, mtu akikuita anakupata. Simu ikikwama unafungua mgongo, unatoa jiwe, unapuliza, unarudisha, inaamka kama mtu aliyenyunyiziwa maji. Raha tupu.

Mpaka siku mtu asiyejulikana alipochukua jiwe namba 17, akahamishia karatasi ile kwenye jiwe lake lililovimba kama andazi. Mama Clarisse alilitia kwenye simu, likadumu saa moja, likafa. Akalianika, akalipuliza. Kila lilipoamka kidogo bila mtu kuita, alidhani ni mtandao. Siku nne baadaye mama mmoja wa kanisani ndiye aliyemwambia, "Hongera, umepata mujukuu," na wakati huo mtoto alikuwa ameshaogeshwa kule Aru, anakoishi Clarisse, na mikono ya watu wengine.

Hilo lilimwuma. Clarisse alipozaliwa, bibi yake mzaa mama ndiye aliyemwogesha mara ya kwanza, na Mama Clarisse alikuwa ameahidi kufanya hivyo hivyo. Ahadi ikaliwa na jiwe.

Kwa hiyo, mimba ya pili ilipofikia miezi saba, Clarisse na mume wake Dany walimtuma dereva na simu kubwa, ya kioo kitupu. Clarisse akaeleza kwa simu, "Maman, hii hakuna mutu atabadilisha jiwe yake. Imefungiwa ndani."

Mama Clarisse aliigeuza mbele na nyuma. Akaenda kwa Emery na kisu cha kumenyea muhogo.

"Emery, mugongo ya hii simu inafungukia wapi?"

"Mama! Weka kisu chini! Haifunguke."

"Na jiwe inatokea wapi?"

"Haitoke. Uniachie simu yote, nitaitia moto, utarudi saa kumi."

"Simu yote? Na Clarisse akiita?"

"Nitamujibu mie."

"Weye ndiye ulimuzaa?"

Hapo ndipo maisha yake yalipogeuka. Zamani jiwe lilikwenda kwa Emery peke yake. Sasa mama mwenyewe anakwenda, na simu, na meza, na beseni la unga. Anakaa pale simu ikila moto, anapima unga, anashika simu, anapima unga, anashika simu. Wateja wa Emery wakaanza kurudi nyumbani na unga ambao hawakupanga kununua. Na ile kadi ya namba yake, Emery aliikata ikawa ndogo kama ukucha ili iingie kwenye simu mpya. Simu ya zamani ikalala ndani ya kopo la maziwa, na lile jiwe lake lingine, zima na lenye moto, tumboni.

Sasa sikilizeni Jumatano ile, mimba ikiwa imetimiza miezi tisa.

Gari la Aru huondoka saa sita mchana, Jumatano na Jumamosi tu. Asubuhi mama alitoka kwa Emery, simu imeshiba mia kwa mia. Saa tatu, akiwa mezani pake, ikaita. Clarisse! Jina lake, na picha yake anacheka. Mama akafuta vidole vyenye unga kwenye kitenge, akavuta kile kialama cha kijani. Kimya. Akavuta tena. Mlio umekoma, lakini Clarisse bado yuko pale kwenye kioo, anacheka, hasogei.

"Allô? Clarisse? Allô!"

Vahwere, jirani anayeuza nyanya meza ya pili, akainama kutazama. "Anakuangalia, lakini hasemi."

"Imekwama."

"Toa jiwe!"

"Haina jiwe ya kutoka."

"Simu gani haina jiwe? Inakula nini?"

"Iko nayo, lakini haitoke."

"Basi weka ku jua."

"Jua ni ya kuongeza nguvu, Vahwere! Mie nataka ipungue!"

Hata mimi nikilifikiria hapo kichwa kinazunguka. Jana yake mama aliomba moto usiishe. Leo anaomba uishe.

Akakimbia kwa Emery, kitenge mkono mmoja, simu mkono mwingine, Clarisse akicheka njia nzima.

Emery akabonyeza kitufe cha pembeni. Akabonyeza tena kwa muda mrefu, akihesabu kwa Kifaransa mpaka thelathini. Hakuna. Akakitazama kwa karibu, akakikwaruza na ukucha, akaonja.

"Mama, hii ni unga."

"Ya kwangu ni safi."

"Iko safi, lakini imejaa mu kitufe. Hakiingie ndani. Hakiwezi kuizima."

"Sasa?"

"Tungoje ife yenyewe."

"Itakufa saa ngapi?"

Emery akajikuna shingo. "Niliijaza mimi asubuhi… labda usiku."

Mama akaketi kwenye kiti cha wateja. Gari litaondoka saa sita, na hajui kama Clarisse aliita kusema njoo au kusema habari ya asubuhi tu. Aende bila kujua? Akienda bure, atamwachia nani meza? Asipokwenda, mtoto ataogeshwa tena na watu. Na huyu binti yake anaendelea kumchekea kwenye kioo!

"Ile ndogo," akasema ghafla. "Iko ndani ya kopo. Jiwe yake inatoka."

"Lakini kadi nilikata, Mama. Mule itacheza kama mutoto mu kiatu ya baba."

"Ulikata weye, utaunganisha weye."

Mama akakimbilia nyumbani, akarudi na kopo zima. Emery alifungua kitundu cha kadi kwa pini iliyokuwa imefunga kitenge cha mama, huku mama ameshika kitenge kwa meno. Akakiokota kile kiukucha, akakitia ndani ya fremu iliyobaki kwenye kadi mpya ya mtu mwingine, akaibana kwa karatasi ya namba. Jiwe juu. Mgongo juu. Simu ndogo ikawaka, ikaimba ule wimbo wake wa zamani, na watu wa kibandani wakapiga makofi.

Jina la Clarisse lilikuwa bado humo. Akapiga. Akajibu Dany.

"Maman! Tuko tunakuita tangu saa tatu! Clarisse wamemuingiza hospitali, manesi wanasema ni kesho!"

Mama hakuaga. Meza akamwachia Vahwere, beseni akabeba, sijui kwa nini, na yeye hajui. Gari alilikuta limeanza kusogea.

Simu kubwa ilisafiri mfukoni imewaka. Abiria mmoja alimsifu binti huyo mwenye furaha. Usiku, waliposhuka Mahagi kulala njiani, ilikuwa imekufa, na mama akasema, "Sasa ndiyo unakufa?"

Aru alifika kesho yake saa kumi jioni. Mtoto wa kike, hajatimiza saa moja, na maji ya kumwogesha bado yako jikoni pa hospitali yanapata moto. Wakamimina kwenye beseni la Bunia, maana ndilo lilikuwa karibu.

Dany, mkwe, yaani bokilo, mwenye heshima zake, alisimama mlangoni na ile simu kubwa na waya wake.

"Maman, samahani. Imezima. Niitie moto?"

Mama Clarisse hakugeuka. Mkono mmoja ulikuwa chini ya kichwa cha mtoto.

"Iache, bokilo. Kufa imenisumbua. Kufufuka isinisumbue, niko naogesha mutoto."