Siku Mzee Aidani Alipovua Viatu

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Mzee Aidani ni viatu. Ilikuwa Jumapili mchana, nyumbani kwake Mjimwema, na kila mtu sebuleni alikuwa pekupeku au na ndala. Yeye alikaa kwenye kochi akila wali na maharage, amevaa viatu vyeusi vya ngozi vilivyofungwa kamba hadi juu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaangalia simu yake, akaendelea kula.

"Usishangae," alisema mkewe, Mama Otilia. "Alinioa na viatu, na naona tutamzika navyo."

"Nikiitwa," alisema Mzee Aidani, "kufunga kamba kunachukua dakika nzima."

Mzee Aidani anasimamia kanzidata za hospitali moja ya hapa mjini, ambako mimi nimeajiriwa mwaka huu kitengo cha TEHAMA. Majina ya wagonjwa, majibu ya maabara na dawa walizoandikiwa, vyote vinakaa ndani ya seva moja. Pembeni yake ipo seva ya akiba inayonakili kila kinachoandikwa. Kwa miaka kumi na moja, seva kuu ilipozimika, ilibidi yeye mwenyewe afike, aketi, na kuihamishia kazi ile ya akiba kwa mkono. Kuingia kwenye seva ukiwa nje ya hospitali hakuruhusiwi. Kwa hiyo hakusafiri.

Alijaribu mara moja, mwaka wa mahafali ya binti yake Suzana. Basi lilipofika Madaba simu ikaita. Akashuka, akavuka barabara, akasimamisha gari la kurudi Songea. Picha za mahafali zipo ukutani. Katika zote Mama Otilia amesimama upande mmoja wa Suzana, na upande wa pili pana nafasi ya mtu mmoja.

Sasa Suzana ni mwalimu Makambako, na anafunga ndoa huko Jumamosi hii. Ameshamwambia baba yake kwamba hataingia kanisani akiwa ameshikwa mkono na mjomba.

Ndiyo maana mwaka huu Mzee Aidani aliamua kuzifundisha seva zijiamulie. Seva kuu hutuma ishara kila sekunde mbili kusema kwamba ipo. Ikinyamaza sekunde kumi, ya akiba inashika kazi. Lakini kunyamaza si kufa. Huenda umekatika waya tu kati ya seva hizo, na seva kuu bado inafanya kazi. Hapo zote mbili zitajiona ndizo kuu, na kundi la damu la mgonjwa mmoja litaandikwa tofauti sehemu mbili. Kwa hiyo aliongeza mashine ya tatu, ndogo kama kitabu cha nyimbo, isiyohifadhi chochote. Kazi yake ni kushuhudia. Mpaka mashine mbili zikubaliane, hakuna kinachohama, na inayobaki peke yake haina haki ya kuamua lolote. Mashine hiyo aliiita shahidi, akaiweka stoo ya dawa, jengo la pili, lenye umeme wake.

Matroni Skolastika, ambaye ndiye anayetoa ruhusa za wafanyakazi, alikubali kumpa siku nne kwa sharti moja: jaribio lifaulu mbele yake. Jumatatu saa nne asubuhi Mzee Aidani alichomoa waya wa seva kuu. Tulisubiri sekunde kumi. Tukasubiri dakika moja. Mapokezi walianza kuandika wagonjwa kwenye daftari.

"Aidani," alisema Matroni, "hii ndiyo mashine ya kukupeleka harusini?"

Alihamisha kazi kwa mkono, ikamchukua dakika kumi na tisa. Kisha tukaenda stoo. Shahidi hakuonekana. Palikuwa na kitambaa cheupe cha kufuma chenye maua ya pinki pembeni, na juu yake chombo cha maua ya plastiki. Chini ya kitambaa mashine ilikuwa imezimika yenyewe kwa joto la kukosa hewa.

"Baba Suzana, vumbi lilikuwa linaiua," alisema Mama Lidwina, mkuu wa stoo. "Nimekifuma wiki mbili. Hata redio yangu sijaifumia hivyo."

"Ni kizuri," alisema Mzee Aidani. Alikikunja mara nne, akamrudishia.

Hakumlaumu. Yeye mwenyewe alikuwa ameziwekea zile seva mbili tahadhari ya kumjulisha kwa simu zikizimika, lakini hakuiwekea mashine ya tatu, maana hakudhani kuna mtu angeigusa. Shahidi alikuwa amezimika tangu Ijumaa. Seva ya akiba, ilipojikuta peke yake, ilikataa kuamua.

"Imefanya kama nilivyoiagiza," aliniambia, na nadhani alifurahi kidogo.

Jioni ile aliweka tahadhari ya tatu, akaipandisha mashine ukutani, mahali ambapo kitambaa hakikai. Kesho yake Mama Lidwina alileta kingine alichokuwa nacho nyumbani. "Hiki kina matundu makubwa, kinapitisha hewa." Sasa kipo juu ya televisheni Mjimwema.

Matroni alitoa nafasi ya pili kwa masharti mapya. Seva haizimiki kwa miadi, alisema. Waya atauchomoa Mama Lidwina, Alhamisi, saa yoyote atakayopenda kabla ya saa kumi, na Mzee Aidani asikanyage hospitali.

"Ukae nyumbani," alimwambia. "Na uvue viatu. Nitamuuliza mkeo."

Mimi nimetumwa nikae naye, nisije nikasaidia kule hospitali.

Leo ni Alhamisi. Suti imenyooshwa na kutundikwa mlangoni. Tiketi ya basi la kesho asubuhi iko juu ya televisheni, chini ya kitambaa chenye matundu. Simu ikileta ujumbe kwamba seva kuu imenyamaza, ndani ya dakika moja ufuate mwingine kwamba ya akiba imeshika kazi. Usipofuata, atavaa viatu.

Viatu viko chini ya kiti cha Mama Otilia. Mzee Aidani amevaa ndala za bluu, mpya. Simu imeita mara tatu, zote ni Suzana akiuliza kama bado. Mama yake amemkataza asipige tena, maana kila ikiita baba yake anasimama.

Ni saa tisa kasoro dakika tano. Simu iko katikati ya meza, na chakula hakijaguswa.