Maziwa ya Mbuzi wa Jaani

Harufu ya plastiki ikiungua hainichukizi. Hunirudisha Kitengela ya miaka ya tisini, nikiwa msichana mdogo, maduka yakiwa machache na malisho yakianzia nyuma yake. Jaa la taka lilikuwa bondeni. Asubuhi moshi wake ulilala chini kama ukungu, na mifuko myeupe ilikuwa imenasa kwenye miti ya miiba, hata upepo ukija bonde zima linanong'ona. Mimi na mdogo wangu Nasieku tuliona hakuna pahali pazuri kama hapo. Msinicheke.

Mbuzi wetu walipapenda kutushinda. Nyasi ilikuwa imeisha, lakini jaani maganda ya ndizi hayakosi. Wakishiba walilala kwenye matope meusi yaliyotoka chini ya taka. Nasi tukisikia njaa tulishika mbuzi mmoja, tukamkamua maziwa yaruke moja kwa moja mdomoni, kama watoto wote wa malisho. Yeyo, ndiye mama yetu, alikuwa ametuonya: ugonjwa wa taka huingia kwa pua. Kwa hivyo Nasieku alikunywa amejifunga shuka puani. Mtoto mtiifu kabisa.

Halafu akaanza kuhara damu. Macho yakaingia ndani, akawa mwepesi kama kitambaa. Yeyo akambeba mgongoni hadi zahanati.

"Hizi mbuzi zenu hulala wapi?" nesi akauliza.

"Kwa taka," nikasema. "Hukohuko tunazikamulia mdomoni."

"Na matiti mnaosha?"

Nikacheka. Nani huosha mbuzi?

Nesi hakucheka. Alimpa Nasieku dawa, akamgeukia Yeyo. "Hiyo taka iko na vijidudu, macho haioni. Kunyonya huko malishoni ikome. Na maziwa ya nyumbani uchemshe mpaka ipande, mama, ama huyu mtoto utamzika."

Yeyo akambeba tena hadi nyumbani. Kwetu maziwa hayakuwekwa motoni. Ukiyachemsha, mbuzi aliyeyatoa hukauka matiti. Hilo hata mtoto alilijua. Na ng'ombe wetu walikuwa wamemalizwa na kiangazi. Mbuzi ndio walikuwa chakula chetu.

Jioni akainjika sufuria. Jirani yetu, Mama Leshan, akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Wewe! Unapika maziwa? Kesho utakamua mawe."

"Basi nitakamua mawe," Yeyo akasema, akachochea moto.

Nasieku alikunywa amekunja uso, akisema maziwa yamekufa. Yeyo alitoka nje, akapita katikati ya mbuzi akiwapapasa matiti, mmoja baada ya mwingine.

Mdogo wangu alipona. Mbuzi hawakukauka. Kwa miaka mingi nilidhani Yeyo alimwamini nesi, basi. Mpaka nikazaa wangu, ndipo nikaelewa. Vijidudu hakuviona, na sidhani aliviamini. Alichoamini ni kwamba anawakausha mbuzi wake wote. Na bado akakaa hapo jikoni, akangoja maziwa yapande.