Kigoda cha Kamera

Kalista wa Mollo alikwisha kusema: hahami. Binti yake Edith, mwenye duka kule Kasesya mpakani, naye alikuwa na lake: tangu mama ateleze akaumia nyonga, hatulii mpaka ajue ameamkaje. Wakapatana. Kamera ikafungwa chini ya paa, ikitazama uani tu, maana jikoni Kalista alikataa katakata. Edith awe anamwona kwa simu. Akimkosa, Jumamosi anakuja na gari kumchukua.

Amin, fundi mitandao wa mjini, akaja, akaamkia, akakaa na ruta, kisanduku cha kugawa intaneti. Akaeleza kwamba kile kisanduku kina ukuta wa ulinzi, hivyo wa nje akibisha hafunguliwi. Yeye atafungua poti moja, yaani mlango mmoja, na kukiagiza: anayebisha hapa, mpeleke kwa kamera. Kalista akataka kujua kama na wapita njia wataingia humo. Amin akasema kuna nenosiri, na analo Edith peke yake.

Siku hiyo Edith akamwona mama akipepeta ulezi, roho yake ikatulia. Kesho yake, kiza. Kesho kutwa, kiza vilevile. Akapiga simu kwamba anatafuta gari.

Kalista akamwita Amin. Fundi akachungulia ndani ya ruta, ambayo hukipa kila chombo namba yake, akakuta kamera ina namba nyingine. Mlango uko wazi, ila unampeleka mgeni kwenye simu ya bibi, iliyopewa namba ya zamani ya kamera. Akauliza nani amegusa. Kalista, asiyejua kuficha, akasema yeye huichomoa ruta kila jioni, akishafunika moto.

"Bibi, ukiizima, ikiamka inaweza kugawa namba upya. Iache tu iwake."

"Humu ndani hakuna kinachokesha."

Amin akabembeleza, akachoka. Kalista akamwonyesha kigoda kilichoegemea ukuta. Kilikuwa cha mumewe Zenon, na tangu azikwe hakuna aliyekikalia, hata padri aliletewa kiti kingine.

"Mimi nimekitunza hicho. Kisanduku chako kinashindwa nini kuitunzia kamera mahali pake?"

Amin akacheka mwenyewe. Hakishindwi, akasema, ni yeye hakukiagiza, kwa kuwa mjini hakuna anayechomoa. Akaiwekea kamera namba yake ya kudumu, asipewe mwingine, akaelekeza mlango kwenye namba hiyo. Kisha wakachomoa na kuchomeka, makusudi, huku fundi akinywa togwa. Kamera ikarudi palepale pake.

Jumamosi asubuhi Kalista alichomeka ruta kabla hajachochea moto, akatoka uani na ungo wake. Simu ikalia. Edith alikuwa na dereva tayari mlangoni pa duka lake.

"Mama, nakuona mgongo tu. Geuka basi."

"Nikimaliza ungo huu."

Akamaliza bila haraka, akageuka, akaitazama kamera kama anayetazama mgeni aliyechelewa. Edith akasikika akimwambia dereva aende zake.

Jioni Kalista akafunika moto, akachomoa, akalala kwake.