Kikapu cha Unga wa Mtama

Mpaka leo nikisikia harufu ya unga wa mtama uliotwangwa asubuhi hiyohiyo, nakumbuka hasira yangu siku tulipompata mwenye mpya pale Lulindi. Mwingereza alikuwa bado anatawala, nami nilikuwa na miaka tisa hivi. Kwetu Wamakua, mwenye ndiye mkuu wa ukoo na ardhi yake. Aliyefariki alikuwa babu, mzazi wa baba yangu.

Bwana Shauri, yule afisa Mwingereza msaidizi wa mkuu wa wilaya, alikuja kutoka bomani na kiti cha turubai. Kwake jambo lilikuwa jepesi: mwana amrithi baba. Tena baba yangu alikuwa mwalimu wa misheni, barua za serikali angezisoma mwenyewe. Mimi nilishajiona binti wa mwenye. Kisimani nilikuwa nimemwambia mwenzangu mmoja kwamba kuanzia sasa atanipisha kwenye foleni ya maji.

Kando alikaa Bibi Anjelina, dada wa marehemu, na kikapu cha unga magotini. Nilidhani amekuja kupika.

Baba alisimama, akavua kofia.

"Nashukuru, Bwana. Ila mimi ni wa ukoo wa mama yangu. Mwenye wa hapa hutoka tumboni mwa dada. Nikikalia kiti hicho, wewe utapata mtu wa kumwandikia barua, lakini hawa hawatakuwa na mwenye."

Mkalimani alitafsiri kwa woga. Bwana Shauri akasema mwalimu anachezea bahati. Bibi hakungoja kuulizwa. Aliinuka, akampaka unga kwenye paji la uso mpwa wa marehemu, mkulima wa mihogo asiyejua kuandika hata jina lake. Watu wakapiga makofi ya polepole, na Bwana Shauri akamwandika huyohuyo.

Nililia njia nzima. Baba hakunibembeleza, alinituma tu nikamwombe radhi yule wa kisimani.

Miaka mingi baadaye, serikali ya uhuru ikiwa imeshafuta viti vile vya kuandikwa bomani na koo zikiendelea na wenye wao, ukoo wa mama yangu ulifiwa na mwenye wake. Ndugu walinijia nyumbani, nikiwa tayari na wajukuu na ndiye mwanamke mkubwa kuliko wote katika ukoo, wakaniwekea kikapu magotini. Wanaume wanne walikitaka cheo, na wote wanne walikuwa wanaitazama mikono yangu. Hapo ndipo nilipojua kwamba siku ile Lulindi nililia kwa ajili ya kiti, wakati watu wazima wote walikuwa wakimtazama Bibi.