Marahaba za Baba

Leo nimefungua chupa ya lisoli, dawa ya kuulia vijidudu, nisafishe choo; harufu yake ikanipata, nikajikuta nimekaa kitako sakafuni, kifuniko mkononi.

Nilipokuwa mtoto, kipindupindu kilipoingia kijijini kwetu Kidete na kuanza kuua watoto, baba ndiye aliyekuwa mganga pekee wa zahanati. Siku moja alirudi jua likiwa bado kali, akaketi kwenye ngazi ya jikoni, akanawa kwa maji ya lisoli. Alinawa mpaka ngozi ya vidole ikachubuka. Nilikuwa nimekatazwa kumgusa, kwa hiyo nilimwamkia kwa mbali, kando ya banda la kuku.

"Shikamoo, baba."

Alikuwa anaitazama reli iliyopita karibu na nyumba yetu, upande wa zahanati.

Mama akanivuta. "Mwache, mwanangu. Baba yako hajafika bado."

"Si huyo hapo?"

"Hajafika."

Nikanuna, lakini sikuondoka. Mwishowe baba akasema taratibu, "Marahaba, mwanangu." Nikaruka kwa furaha. Lakini akaendelea: "Marahaba. Na wewe, marahaba. Marahaba," kama mtu anayepita katikati ya watoto wengi, kila mmoja akimwamkia kwa zamu.

Pale uani nilikuwa peke yangu.

Choo bado hakijasafishwa. Nimesema shikamoo baba, polepole, na sasa nangoja zamu yangu ya kuitikiwa.